Kamera Juu ya Kaunta

Kikuubo, kichochoro cha maduka katikati ya Kampala, siku ya Jumamosi hutembei, unasukumwa. Zubaida alikuwa amesimama mbele ya duka la mashuka, gauni la kijani limemkaa vizuri kiunoni, mtandio mweupe umemteleza begani, aliposikia mchukuzi akipiga kelele nyuma yake: "Njia! Njia! Mzigo!" Kabla hajageuka, mkono wa mtu ulimvuta hadi ukutani. Robota la mitumba likapita pale pale alipokuwa amesimama.

"Samahani, nnyabo," alisema mwenye mkono, akimwita bibie kwa Kiganda. "Ningeomba ruhusa kwanza, lakini robota halikuwa na subira."

Zubaida alijikuta anacheka. Kijana alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mikono ya shati imekunjwa, na begani amebeba bunda zito la waya.

"Na hizo kamba? Unaenda kufunga mbuzi?"

"Ni waya za mtandao. Mimi fundi. Naitwa Okwera."

"Kiswahili chako cha kambi za askari."

"Baba alikuwa polisi. Na wewe?"

"Na mimi baba alikuwa polisi. Zubaida, wa Bombo."

Umati uliwabana pale ukutani, na hakuna kati yao aliyelalamika. Lakini dereva aliyemleta Zubaida alikuwa tayari anamwita kwa honi.

"Nipe namba yako," Okwera akasema haraka.

"Sina simu. Nipo hotelini, Kansanga." Akamtajia namba ya kaunta. "Piga uulize chumba."

Okwera alidhani anataniwa. Zubaida hakuwa anatania. Baba yake alipofariki, ami yake, Haji Akram, alimchukua akae kaunta ya hoteli yake mpaka amtafutie mume. Mama yake akapewa nyumba ya Haji kule Bombo. Tangu hapo Zubaida hakuvuka geti ila kwa kutumwa, na dereva wa Haji pembeni. Juu ya kaunta ilifungwa kamera yenye macho na masikio, na Haji aliitazama kwenye simu yake akiwa dukani, akiwa harusini, hata akiwa uani msikitini. Mtandio ukimteleza, simu ya kaunta ililia: "Jifunike." Akicheka na mgeni, ililia tena: "Huyo ni nani?"

Okwera alipiga Jumatatu.

"Hoteli, karibu."

"Nataka chumba chenye dirisha linalotazama kaunta."

Zubaida aliinua macho kwenye kamera. "Vya namna hiyo vimejaa, bwana."

"Basi hata kiti. Sijalala tangu Kikuubo."

"Pole, bwana. Vyandarua tunavyo."

Okwera alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasikia, "Subiri kidogo, bwana," na kitu kikalia *tik*, na sauti ikabadilika kabisa.

"Wewe Okwera, utaniua! Sema tena. Sema haraka!"

"Niseme nini, mpenzi?"

"Lolote. Sema umevaa nini, umekula nini, sema unanipenda…" Halafu, ghafla, katikati ya neno: "Asante kwa kupiga simu, bwana."

Ikawa hivyo kila siku. Okwera aliamini sauti inabadilika kwa sababu ya wageni wanaoingia na kutoka. Zubaida hakumwambia ukweli. Angeanzaje kusema kwamba yeye, mtu mzima, anachungwa kama mtoto? Kabatini nyuma ya kaunta palikuwa na swichi ya mtandao, na Zubaida alikuwa amegundua kwamba akichomoa waya wa ile kamera na kuurudisha palepale, picha hukawia kama nusu dakika kabla ya kurudi. Haji alilaumu mtandao. Katika nafasi hizo ndogo Zubaida alijinyoosha mgongo, alilia, alimpigia mama yake na kumchekea, alipenda.

Mwishowe Haji alichoka na picha zinazokatika, akaita kampuni ya mafundi. Kampuni ikamtuma Okwera.

Alipiga pasi shati jeupe, akajipulizia manukato. Njiani alijiambia kwamba anakwenda kutengeneza kamera ya ami wa Zubaida, na atarudi amempata mkwe.

Haji, ndani ya kanzu na koti la kijivu, alivuta kiti akaketi karibu naye. Okwera alifungua kompyuta, akaingia kwenye swichi.

"Haji, hii swichi ina tahadhari. Waya ukichomekwa, inasubiri na kusikiliza kwanza. Inaogopa waya uliozunguka ukarudi ulikotoka, maana habari zikianza kuzunguka humo bila kutoka, mtandao mzima unakabwa. Sisi mafundi tunaita spanning tree. Lakini kamera haiwezi kuleta mzunguko. Nitaliambia tundu lake lisisubiri. Picha itarudi papo hapo."

"Na kwa nini inakatika?"

"Waya unatoka. Umelegea, au unachomolewa. Nitaweka pia ujumbe: ukitoka tu, simu yako inakuambia."

Vijiko viligongana kwenye sahani. Zubaida alikuwa amesimama nyuma yao na chai. Okwera alimkonyeza, kama mwanaume aliyefanya vizuri mbele ya wakwe. Zubaida aliweka chai mezani, nusu yake ikamwagika.

"Unachomolewa," Haji alirudia polepole, akimtazama binti wa kaka yake.

Kesho yake waya ule uliingizwa kwenye bomba la chuma, na kabati likatiwa kufuli.

Okwera alipiga simu akiwa na furaha zake.

"Hatuna vyumba, bwana."

"Zuba, ni mimi."

"Ndiyo, bwana. Hatuna."

"Nimekosa nini, mpenzi?"

"Fundi wetu alifanya kazi nzuri sana. Asante." Akakata.

Alipiga tena na tena, akajibiwa hivyo hivyo. Alihesabu makosa yake yote asilione hata moja: alichelewa? Alivaa vibaya? Au Zubaida amepata mwingine?

Wiki hiyo Haji alimwita dukani kwake Kikuubo, anataka kamera kama zile. Kwa furaha akamwekea simu mbele ya uso.

"Ona kazi yako. Picha safi!"

Kwenye kioo Zubaida alikuwa ameketi wima, mtandio umembana mpaka kidevuni, viganja juu ya kaunta. Mgeni alisema kitu, akaondoka. Zubaida hakutabasamu. Aliinua mkono kuelekea jichoni, akakumbuka, akaurudisha. Chozi likashuka lenyewe, bila kufutwa.

"Huyu mjinga alikuwa anachomoa waya ili apige porojo," Haji alisema. "Sasa ametulia."

Okwera akakumbuka. Ile *tik*. Ile sauti iliyobadilika. Aliacha vifaa vyake sakafuni, akapanda boda mpaka Kansanga.

Getini mlinzi, mzee Kamis, aliyewahi kuwa askari wa jeshi, alimzuia. "Iko amri. Kama si mgeni, haingii."

"Mimi mgeni. Nataka chumba."

Kamis alimpima, akamfungulia.

"Toka," Zubaida alinong'ona pale kaunta bila kutikisa midomo. "Anaona."

"Aone. Na asikie." Okwera hakupunguza sauti. "Sikujua, Zuba. Nilidhani natengeneza kamera, kumbe nakufungia mlango kwa mikono yangu. Nisamehe. Sema neno, nivunje kufuli lile, nirudishe kama ilivyokuwa."

Simu ya kaunta ilianza kulia. Zubaida hakuigusa.

"Urudishe nini?" Ilikuwa sauti yake ya kweli. "Nirudi kukupenda kwa kuvizia? Nimechoka kuvizia, Okwera."

"Basi twende."

"Mama anakaa kwenye nyumba ya ami. Nikitoka, naye anatolewa."

Simu ilinyamaza, ikalia tena. Zubaida aliinua mkono wa simu, akaikata simu ya Haji, akampigia mama yake.

"Mama. Sina furaha huku."

Mama akauliza: "Mbona kila ukipiga unacheka?"

"Nilikuwa nacheka ili upate usingizi."

Simuni kilisikika kiti kikivutwa.

"Ni nyumba hii inayokushika?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimelala vibanda vya bati kambini na baba yako, mvua inaingia mpaka kitandani. Nitashindwa wapi? Njoo, mwanangu. Naanza kufunga vitu."

Zubaida aliweka funguo za vyumba juu ya kaunta, akachukua mkoba. Getini, Kamis alikuwa na simu sikioni. Kelele za Haji zilisikika mpaka barabarani. Mzee alimtazama binti wa watu, akatazama lile geti.

"Haji, sikusikii," alisema. "Mtandao mbaya." Akavuta komeo.

Nje jua lilichoma, kuku walikaangwa, muziki wa baa tatu uligombana. Zubaida alisimama kando ya barabara, mkoba kifuani.

"Twende kwangu upumzike," Okwera alisema.

"Hapana. Kwako siingii kwa kukimbia. Naenda kwa mama. Una wazee wa kuja kuposa?"

"Baba yangu mkubwa, Otema. Mkatoliki wa Lubaga, hakosi misa."

"Mlete Bombo Jumapili, baada ya hiyo misa, popote tutakapokuwa tumehamia. Lakini shangazi zangu watauliza dini kabla ya jina. Pengine watakataa."

"Nitakuja hata hivyo."

"Na wakikataa?"

Okwera hakutaka kumdanganya. "Nitakaa hapo nje ya nyumba, tuongee mchana, kila mtu akiona."

Zubaida alimshika mkono, katikati ya barabara ya Ggaba, akaubana mpaka ukamuuma. Kisha akaita boda, akaketi upande, akakusanya gauni lake.

"Stendi ya Bombo," alisema.

"Tupite wapi, nnyabo?" dereva aliuliza.

Zubaida alikuwa hajaulizwa swali kama hilo kwa muda mrefu.

"Pita penye watu wengi."