Okeyo Alikubali Kuitwa Mlevi

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya michai. Kambini moshi ulitoka katika kila nyumba. Wilkista alikuwa akikoroga uji. Mama mkwe wake, Syprose, alikuwa akimsuka Celine nywele, na Celine alikuwa akilia kama alivyozoea kulia kila akiona kitana.

Okeyo, baba yake Celine, alivaa koti lake la kazi.

"Baba Celine, leo utarudi mapema?" Wilkista akamuuliza.

"Sijui. Obiero amekwenda kwao kumzika baba yake. Kule chumbani kiwandani niko peke yangu."

Alisema hivyo akitazama mlango. Mama yake aliacha kusuka akamwangalia.

Ulikuwa mwaka wa 1934. Watu hawa walitoka upande wa ziwa, wakaja kufanya kazi katika shamba la chai kati ya Kericho na Sotik. Kwanza Okeyo alichuma majani. Alikuwa mtu wa bidii, tena mtu wa kanisa. Basi akaingizwa kiwandani, kwenye mashine inayosokota majani. Mwaka huo akapandishwa tena. Akawekwa katika chumba cha kuivisha.

Kazi ya chumba hicho ni hivi. Majani yaliyosokotwa hutandazwa sakafuni. Yanakuwa ya kijani. Yakikaa, hubadilika polepole mpaka yawe mekundu kama shaba. Hapo ni lazima yapelekwe kwenye tanuri haraka. Yakipelekwa mapema, chai inakuwa kali na mbichi. Yakichelewa, chai inapooza.

Siku ya kwanza nyapara wao, Lazarus, alimpa Okeyo senti mpya ya shaba. "Jani likifika rangi hii, waite watu wa tanuri."

Okeyo aliitazama senti. Akayatazama majani mabichi. Kwake yeye vilifanana. Alitafuta tofauti mpaka macho yakauma, hakuiona.

Hakusema. Alimtegemea Obiero, mwenzake wa zamu. Obiero akisema majani yameiva, Okeyo naye alisema yameiva, tena kwa sauti kubwa kuliko Obiero. Kwa njia hiyo alipita miezi mingi. Sasa Obiero hayuko.

Siku ya kwanza bila yeye chai iliharibika. Lazarus akasema ni bahati mbaya. Siku ya pili ikaharibika tena. Bwana mwenye kuonja chai aliitia mdomoni, akaitema.

Lazarus alikuja chumbani na kikombe mkononi. Watu wa tanuri wakamfuata kusikiliza.

"Okeyo, hii ni nini?"

"Chai, nyapara."

"Hii si chai, hii ni mboga. Ungetia chumvi tukaila na ugali."

Watu wakacheka. Okeyo akatazama miguu yake.

"Ulilala?"

"Sikulala."

"Basi niambie. Una macho mawili kama mimi. Senti nilikupa. Au ulikuwa umekunywa?"

Okeyo alifikiri. Akisema haoni rangi, watamcheka mpaka watoto wa kambi. Watasema amerogwa, au yeye ni mjinga. Lakini ulevi ni kitu ambacho watu wanakijua. Wanaume wengi wa kambi walikunywa Jumamosi, na Jumatatu walikuwa bado ni watu.

"Ndiyo," akasema. "Nilikunywa busaa."

Lazarus alishangaa. Walikuwa wa kanisa moja, na Okeyo ndiye aliyeongoza nyimbo.

"Wewe? Busaa?"

"Busaa, nyapara."

"Haya. Kaa nyumbani mpaka Jumatatu. Nitasema na Bwana mwenye shamba. Lakini unajua mwenyewe, nyumba ya kambi ni ya mtu mwenye kazi. Mwambie mke wako aanze kuangalia vyombo vyake."

Habari ilifika kambini kabla yake. Wilkista alikuwa mtoni kuchota maji. Aliporudi aliweka mtungi chini, hakukaa.

"Umekunywa wapi?"

Okeyo alivua koti lake akalitundika.

"Mimi ninalala na wewe. Harufu ya busaa naijua, baba yangu alikuwa akinywa. Wewe hukunywa. Kwa nini umejisema hivyo? Leo wanawake wamenipa nafasi ya mbele mtoni, kama mtu aliyefiwa. Hakuna aliyenitania. Hata Gesare, ambaye hawezi kunyamaza, amenyamaza. Nimeona aibu, Baba Celine. Na huyu niliye naye tumboni atazaliwa wapi? Barabarani?"

"Niache," Okeyo akasema.

Syprose alikaa karibu na moto. Alivuta shuka mpaka kichwani kama mtu anayesikia baridi.

Kesho yake wazee wa kanisa walituma neno. Okeyo asiongoze nyimbo tena mpaka atubu.

Siku hiyo mchana mvua ilinyesha, kama inavyonyesha huko karibu kila mchana. Ilipopungua, Celine alikimbia nje kucheza. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani. Aliteleza akaanguka juu ya jembe lililoachwa kwenye nyasi. Akalia. Okeyo alikuwa wa kwanza kufika.

"Simama, mama. Ni maji ya mvua tu."

"Baba, damu."

"Si damu. Umelowa. Simama."

Alimsimamisha, akampangusa gauni kwa mkono. Wilkista akatokea mlangoni, akapiga yowe. Gauni lilikuwa limejaa damu kuanzia kiunoni. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kisigino, na mikono ya Okeyo ilikuwa myekundu. Yeye aliitazama mikono yake, akaona maji meusimeusi.

"Mtoto anakufa na wewe unamwambia ni maji?"

Walimfunga paja kwa kitambaa, wakamkimbiza kwa Mureithi, dresa wa zahanati ya shamba. Mureithi alikuwa Mkikuyu kutoka upande wa Nyeri, mtu wa maneno machache. Aliosha kidonda, akakishona. Celine alipotulia, aliuliza ilivyokuwa. Wilkista akamweleza yote, na machozi yakamtoka.

Mureithi alimgeukia Okeyo. "Ulipotazama lile gauni, uliona nini?"

"Maji."

"Na damu hii kwenye kitambaa, je?"

Okeyo akageuza uso.

"Mama Celine," Mureithi akasema, "wewe unafuma masweta kule misheni. Niletee kikapu chako cha nyuzi za sufu."

Kikapu kilipoletwa, alitoa uzi wa kijani hafifu akaulaza mezani. "Okeyo, nitafutie zinazofanana na huu."

Okeyo alitafuta pole pole. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Mwisho akaweka kando ya ule uzi nyuzi nne. Mmoja ulikuwa wa kijani. Mmoja wa kijivu. Mbili zilikuwa za rangi ya waridi, zile za sweta la mtoto.

Wilkista alishika mdomo.

"Inatosha," Mureithi akasema kwa upole. "Okeyo, hukulewa, wala huna ujinga. Hujarogwa. Nilifanya kazi hospitali ya reli. Kila mtu wa kupeperusha bendera za treni tulimpima kwa nyuzi kama hizi, kwa sababu asiyeona nyekundu na kijani angeua watu. Niliwaona wengi kama wewe. Wazungu, Wahindi, sisi Waafrika. Ulizaliwa nayo."

"Kuna dawa?" Okeyo akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kukubali.

"Hakuna. Lakini haizidi, wala hutakuwa kipofu."

"Nimeipata wapi?"

Mureithi alikata kipande cha uzi kirefu na kingine kifupi.

"Sikilizeni. Ndani ya mwili wa kila kiumbe kuna maagizo madogo sana, hayaonekani kwa macho. Ndiyo yanayosema nywele ziwe hivi, pua iwe hivi, jicho lione hivi. Maagizo haya wenye elimu huyaita jeni. Yamepangwa kama shanga juu ya nyuzi. Mtoto hupata nusu kwa baba, nusu kwa mama. Maagizo hayo yananakiliwa toka mzazi hadi mtoto, miaka na miaka. Mara moja moja nakala inakosewa. Tangu hapo kosa nalo linanakiliwa. Makosa mengine huleta ugonjwa, mengine hayadhuru, mengine hata husaidia. Umeona ule mchai wenye majani ya mistari ya njano kule juu?"

"Nimeuona. Tunauruka tukichuma."

"Mbegu yake ilitoka gunia moja na ile mingine. Hakuna aliyeulaani. Ni agizo moja tu lilibadilika. Sasa, agizo la kuona nyekundu na kijani liko kwenye uzi huu mrefu. Mwanamke ana nyuzi ndefu mbili. Mmoja ukiwa na kosa, ule mwingine humwokoa, anaona vizuri na hajui kitu. Mwanamume ana mrefu mmoja, aliopewa na mama. Kwa baba alipata huu mfupi, na mfupi hauna agizo hilo. Mrefu wake ukiwa na kosa, hana wa kumwokoa."

Syprose alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akasema, "Basi ni mimi."

Wote wakageuka.

"Ni mimi niliyempa. Nilijua. Ndugu yangu Oyoo alikuwa hivyo. Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari alitumwa kuleta mtamba mwekundu, akaleta mweusi. Wakwe waliona tumewadharau. Watu walimcheka Oyoo mpaka akatoroka. Mimi pia nilicheka. Huyu alipokuwa mtoto nikamwona anaacha matunda mekundu mtini kama hayaoni. Nikamwambia, mwanangu, usimwambie mtu yeyote. Nilidhani ni chira, laana ya nyumba yetu. Niliona haya isijulikane imetoka kwangu."

Mureithi alimpa kiti. "Mama, hakuna mzazi anayechagua uzi wa kumpa mtoto. Wewe nawe ulipewa. Hilo halina aibu."

"Aibu yangu si uzi," Syprose akasema. "Ni kule kumfundisha kuficha. Angalia mguu wa mtoto."

Wilkista akauliza kwa sauti ndogo, "Na watoto wetu?"

"Mwanamume humpa mtoto wa kiume ule uzi mfupi. Kwa hiyo ukizaa kijana, hawezi kuipata kwa baba yake. Kwenu wewe iko?"

"Haipo ninayoijua."

"Basi usiogope. Celine anaona vizuri, damu aliijua. Lakini amebeba ule uzi wa baba yake. Kila kijana atakayemzaa anaweza kuupata au kuukosa. Asikatazwe kuolewa. Watoto wake wapimwe mapema, wachague kazi inayowafaa. Ni hilo tu. Sasa Okeyo, Jumatatu utamwambia nini nyapara?"

Okeyo alimtazama mtoto aliyelala. "Afadhali wanijue mlevi," akasema. Halafu akasema, "Hapana. Nitamwambia."

Jumatatu watu walikuwa wakiota moto karibu na tanuri. Okeyo alisimama mbele ya Lazarus.

"Nyapara, sikunywa. Nilidanganya."

"Kwa hiyo ulilala."

"Sikulala. Macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani."

"Huoni? Na njia ya hapa umeionaje?"

"Njia naiona. Na wewe nakuona. Hata kile kifungo kilichokatika kwenye koti lako nakiona."

Watu walicheka, kisha wakaanza kumwonyesha vitu. Hii rangi gani? Na hii? Okeyo aliwajibu mmoja mmoja, na alikosea, na masikio yake yakawaka moto. Lazarus alitazama mchezo huo kidogo, akauzima.

"Ungesema siku ile ya senti, nani angekugusa? Ungepata kazi nyingine. Sasa chai imetupwa, na jina lako limetupwa."

"Hilo ndilo kosa langu, nyapara. Macho si kosa langu. Kuficha ni kosa langu."

Lazarus alikwenda kumwuliza Mureithi, kisha wakaenda wote wawili kwa Bwana. Waliporudi alisema, "Utapanda juu, kwenye dari ya kunyausha. Huko majani hayaulizwi kwa macho. Yanaulizwa kwa mkono."

Ilikuwa kweli. Huko unashika konzi ya majani, unakamua, unaachia. Yakifumuka, bado. Yakibaki yamelala kama kitambaa, tayari. Okeyo alijifunza kazi hiyo upesi, na haikupita muda Lazarus alikuwa hapeleki jani mashineni kabla Okeyo hajalishika. Nyumba ya kambi haikuchukuliwa. Lakini kwa muda mrefu watu walimwita Bwana Rangi, naye aliitika.

Lilibaki kanisa. Jumapili alisimama mbele, mbele ya wote walioambiwa kwamba ni mlevi. Alisema alivyodanganya, na sababu yake. Alisema juu ya macho yake, na juu ya gauni la Celine. Alieleza kwamba jambo hili hupita kwa mama ambaye mwenyewe anaona vizuri, likawatokea wana wa kiume, na mama hana kosa. Syprose alikuwa amekaa mbele, kichwa wazi, watu wamwone.

Mzee mmoja wa kanisa alikuna kidevu. "Kwa hiyo tulikufungia kwa ulevi ambao hukuufanya. Sasa tukufungie kwa uongo?"

"Ndiyo, mzee. Hiyo ni haki."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Nyuma kabisa Gesare akainuka. Huyu ndiye yule asiyeweza kunyamaza, lakini sasa maneno yalimtoka kwa shida.

"Ndugu yangu wa tumbo moja anaona hivyo. Na mtoto wangu wa kwanza, nikimtuma nyanya zilizoiva, analeta mbichi. Baba yake anasema ni kiburi. Amemchapa tangu mwaka jana. Mimi nami nilikuwa namwambia, mchape, aache kiburi."

Hakuna aliyecheka.

"Dresa yuko leo?" akauliza.

"Yuko," Okeyo akasema. "Mlete. Tutakwenda pamoja."

Gesare alijifunga mtoto wake mdogo mgongoni. Wimbo wa mwisho ulikuwa haujaanza, lakini hakungoja. Asubuhi hiyo, alipotoka nyumbani, alimwacha mume wake akimtuma kijana yule bustanini kuchuma nyanya.