Mpangaji wa Chumba cha Saba

Chumba cha kompyuta kilikuwa kinanuka udi, na nyumba nzima hakuna aliyefukiza. Haitham alipiga chafya, akasema alhamdulillahi, akaendelea na kazi. Alikuwa fundi hodari, na ubaya wake aliujua uhodari huo.

Nyumba ile ya mtaa wa Baghani iligeuzwa hoteli, milango yake ikawekewa kufuli za kadi. Faili la mipangilio ya milango aliliandika marehemu Zahran, kaka wa mwenye nyumba, na sasa hata kampuni iliyouza mitambo ilikuwa imelisusa. Khelef, meneja, alitaka chumba cha saba, ambacho hakijawahi kupangishwa, kianze kupokea wageni. Haitham alikuwa na kijiprogramu cha kurekebisha mafaili alichojisifia kwa mafundi wenzake: unakipa namba ya mstari, kinakuletea huo tu, mingine huna haja ya kuiona. Kikamletea: chumba 7, mpangaji: Mwenyewe. Akalifuta neno la mwisho, na kwa kujaribu akaandika jina analojaribia kila kazi, la binti yake wa miaka sita. Zuleikha.

"Mstari mmoja umebadilishwa," kompyuta ikajibu. Juu ya dari, katika chumba cha saba, kitanda kikalia kama kimekaliwa na mtu.

Saa saba mchana, jua limetulia kichwani, Rasha mkewe akapiga simu. Alikuwa ananong'ona.

"Haitham, njoo. Mtoto kaanguka, wa baridi kama maji ya kisima. Anasema arudishwe chumbani kwake."

"Zuleikha?"

"Nani?" Rasha akaanza kulia. "Jina la mwanangu limenitoka. Nnamtazama usoni na halinijii."

Haitham akaurukia ule mstari, akaandika Mwenyewe, akaambiwa umebadilishwa, akautazama na kukuta Zuleikha, akafuta tena na tena, na huko juu vijiguu vya mtoto vinakwenda na kurudi, vinakwenda na kurudi, mpaka vikasimama sawasawa juu ya kichwa chake.

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Sheikha, mwenye nyumba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umeandika nini?"

"Jina la mwanangu. Kwa kujaribu tu."

"Lifungue faili zima."

Akalifungua. Juu ya ule mstari Zahran alikuwa ameandika maneno ambayo mashine huyapita, yamewekwa kwa ajili ya binadamu: Huyu tumemkuta. Chumba ni chake. Usiguse bila kupiga hodi, na usimwandikie jina la mtu.

"Kaka yangu aliyaweka hapo ili fundi asiweze kuyakosa," alisema Bi Sheikha kwa uchungu. "Na wewe umeyakosa."

"Mwite sheikh amtoe!"

"Wamekuja watatu, wakatoka wao. Hakuachii alichopewa mpaka umpe kingine. Jina kwa jina."

Haitham akalifikiria jina la Khelef, tena kwa muda mrefu, kidole juu ya herufi K.

"Khelef naye ana mama," alisema bibi taratibu.

Haitham akaona haya. Akainua uso darini.

"Hodi," alisema.

"Karibu," ikajibu sauti ya Zuleikha.

Akaandika jina lake mwenyewe. Mstari mmoja umebadilishwa. Juu, mlango wa chumba cha saba ukafunguka bila kadi, na Haitham, machozi yanamtoka, akapiga simu nyumbani.

"Rasha! Mtoto vipi?"

"Kaamka, alhamdulillahi! Zuleikha wangu huyu hapa, anakula uji." Haitham alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa sauti. Upande wa pili Rasha alisubiri amalize, kisha akauliza kwa adabu anayowawekea watu asiowajua: "Samahani, kaka. Nnazungumza na nani?"

Haitham akafungua mdomo amtajie jina lake, na halikumjia.