Sedekia Alipokimbilia Msituni

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Damari na kaka yake Sedekia walichuma pareto katika shamba lao kwenye miteremko ya Poroto, upande wa Mbeya. Damari alikuwa na miaka kumi na miwili, Sedekia kumi na minne. Walichuma maua yale meupe kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, wakayaanika uani juu ya majamvi, kisha wakakimbia shuleni. Mwezi huo waliishi na baba peke yake, kwani mama alikuwa amekwenda Tukuyu kumwuguza bibi.

Baba yao, Yotamu, alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya akiwa mtu mwingine. Alianza kunywa pombe mchana, na kosa dogo tu lilitosha kumfanya ainue mkono.

Juma moja gari la sinema la serikali lilifika kijijini. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa shule, na watu wakajaa uwanjani. Sinema ilimwonyesha kijana aliyewaacha watu wa mji wake akaenda kuishi porini. Alijijengea kibanda, akala asali na matunda, na paa walikunywa maji karibu naye bila hofu. Watu wazima walicheka. Sedekia hakucheka.

"Umeona, Damari?" alisema walipokuwa wakirudi nyumbani. "Kule hakuna wa kumpiga."

Siku tatu baadaye mvua ilishuka ghafla wakiwa darasani. Pareto yote ikaloa. Waliporudi, baba hakuuliza neno. Alimkamata Sedekia, akamwangusha chini na kumchapa kwa mkanda wa ngozi, upande wenye chuma. Shati lilichanika, damu ikatoka mgongoni.

"Baba, utamwua!" Damari alilia, akamshika mkono. Baba alimsukuma, Damari akagonga kichwa ukutani.

Kulipopambazuka Sedekia hakuwapo. Panga na kiberiti pia havikuwapo.

Damari alijua kaka yake amekwenda wapi. Kulikuwa na mahali juu msituni, kwenye mianzi, walipozoea kukata kuni. Lakini baba alipomwuliza, alijibu kwamba hajui. Siku ya pili, masomo yalipokwisha, alificha viazi vya kuchemsha ndani ya nguo akapanda mlima.

Alimkuta kaka yake ndani ya kibanda cha majani kilichovuja. Alikuwa akitetemeka kando ya moto mdogo, na midomo ilikuwa imevimba kwa sababu ya matunda machungu aliyoyala.

"Turudi, kaka."

"Akaniue?" Sedekia alijibu. Alikula viazi upesi kama mtu anayenyang'anywa.

Ghafla mianzi ilivunjika nyuma yao. Nguruwe mwitu jike, mwenye watoto, aliruka nje akikoroma. Sedekia aliokota panga, lakini kabla hajalinyanyua mnyama alimpiga kumbo akamwangusha. Jino lake refu lilipasua paja la Sedekia. Sedekia alipiga kelele. Nguruwe aligeuka, akamrudia tena, akimsukasuka kama furushi.

Damari hakukimbia. Alishika kijinga kilichokuwa kikiwaka motoni, akakisukumiza usoni mwa yule mnyama. Manyoya yaliungua. Alimpiga tena kwa nguvu zake zote, puani, hadi nguruwe akapiga ukelele na kutokomea na watoto wake.

Damu ilikuwa ikibubujika. Damari alivua mtandio wake, akalifunga paja kwa kulikaza sana, kisha akatelemka mlima mbio akiita watu. Kwenye kijito alikutana na baba na jirani yao Ezekia, waliokuwa wakimtafuta Sedekia. Walipanda naye hadi kibandani, wakambeba Sedekia kwa machela ya mianzi hadi zahanati.

Njiani, Ezekia alipokuwa mbele, baba alimwinamia Damari. "Dresa wa zahanati akiuliza, ni nguruwe tu. Umesikia?" Pumzi yake ilinuka pombe. Damari aliogopa, akaharakisha hatua.

Dresa, mtibu vidonda wa zahanati, Bwana Mrisho, aliosha jeraha la paja na kulishona. Kisha alimgeuza Sedekia. Alitazama mgongo kwa muda mrefu.

"Na hapa?" aliuliza.

"Ni nguruwe huyohuyo, Bwana Dresa," alisema baba.

Bwana Mrisho alimtazama Damari. "Mwanangu, wewe ulikuwapo. Nguruwe alimfanya haya?"

Damari alihisi macho ya baba shingoni mwake. Alimtazama kaka yake, aliyekuwa amelala kifudifudi akiuma shuka.

"Paja ni nguruwe," alisema. "Mgongo ni baba."

Baba aliinua mkono, lakini Ezekia aliudaka na kuushikilia. "Yotamu, yatosha," alisema. Mkono ule ulilegea. Yotamu aliketi sakafuni, akafunika uso, akaanza kulia.

Siku ile jumbe, mkuu wa kijiji, aliitwa. Mbele yake na wazee wa kanisa, Yotamu alikiri yote. Waliamua watoto wakae kwa Ezekia mpaka mama yao arudi, na Yotamu asirudi kuishi nao mpaka aache pombe na wazee waridhike naye. Ilichukua miezi mingi. Alipowarudia, alikuja kwanza kumwomba Sedekia msamaha, mbele ya mama na jumbe.

Lakini kabla ya hayo, siku ya kutolewa nyuzi, Sedekia alimwuliza Bwana Mrisho, "Mbona yule kijana wa sinema aliweza?"

"Hakuwa peke yake," Bwana Mrisho alijibu akikunja bendeji. "Aliyempiga picha alisimama mbele yake, na wengine wakampikia. Wewe hukuwa na mtu, ila dada yako." Alimgeukia Damari. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningemfuata jumbe siku ileile. Mtoto akiumizwa nyumbani, asikimbilie msituni, na asinyamaze. Aseme kwa mtu mzima anayemwamini. Akipuuzwa, amwambie mwingine, na mwingine tena, mpaka apatikane wa kusikia."