Sumaku na Maneno ya Mama

Kila asubuhi mama alimwamsha Chiriku kwa maneno. "Amka, we gogo! Jua limeshaoga, wewe bado!" Chiriku alicheka chini ya shuka, kisha akainuka. Mama alikuwa mshonaji, na mdomo wake ulikuwa haupumziki, kama cherehani yake.

Lakini sasa alikuwa na uvimbe ndani ya ubongo. Kabla ya kuutoa, daktari alitaka kujua maneno yake yanakaa wapi, ili kisu kisipaguse.

Chumba kilikuwa baridi, hakina dirisha. Daktari alishika kando ya kichwa cha mama kifaa cha sumaku, kinachozima kwa muda mfupi kipande kidogo cha ubongo: neno likikwama, hapo si pa kukata. Picha zilipita kwenye kompyuta, naye mama akazitaja: kikombe, mlango, kuku. Tak, tak, tak, kifaa kililia. Ikaja picha ya mkasi.

Mama akanyamaza. Macho yalikuwa wazi, midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mkasi, kitu anachokishika kila siku! Ni kana kwamba mtu asiyeonekana amemziba mdomo kwa ndani. Chiriku alikuwa amekaa mbele yake.

Akashindwa kuvumilia. Daktari alipogeukia kompyuta, Chiriku akalitamka neno kwa midomo tu, bila sauti.

"M... mkasi," mama akasema.

"Vizuri. Hapa tunaweza kukata," daktari akasema, akaweka alama ya kijani kwenye picha ya ubongo.

Chiriku akashtuka. Wakate hapo? Aliziona asubuhi zote zijazo, kimya.

"Daktari," akasema akitetemeka, "nimemwonyesha mama jibu."

Daktari hakumkaripia. Alirudia picha ya mkasi, mahali palepale. Tak, tak, tak. Safari hii Chiriku aliinamisha kichwa, viganja mdomoni. Kimya cha mama kilitisha kuliko mwanzo. Kifaa kilipozimwa, sauti ikarudi.

"Mwanangu, neno nilikuwa nalo, likagoma kutoka!"

Alama ikawa nyekundu: hapo kisu kisiguse.

Baada ya upasuaji, Chiriku alingoja kando ya kitanda. Mama akafumbua macho, akamtazama. Midomo ikacheza. Kimya. Chiriku aliogopa sana, lakini hakumsaidia.

"We gogo," mama akanong'ona, "hata nywele hujachana?"

Chiriku akaangua kilio.

Daktari akamshika bega. "Ulitaka kumsaidia, najua. Lakini jibu lile la uongo lingenifanya nikate maneno yake. Ukikosea, sema mapema kama ulivyosema, hata ukiwa unatetemeka."

"Kachane nywele kwanza," mama akasema.