Skrini ya Nne

Mshale wa mausi ulivuka ukingo wa skrini ya kulia, ukazama.

Mhariri aliusubiri urudi. Ilikuwa alasiri, mapazia yamefungwa ili mwanga usimsumbue, na mbele yake bibi harusi wa watu alikuwa amegandishwa katikati ya kicheko. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi, na kazi hii alikuwa ameikwepa mpaka mteja akachoka kupiga simu. Laptopu yake ilikuwa ndogo. Skrini mbili kubwa za marehemu mumewe zilikuwa zimekaa bure tangu mazishi, zimefunikwa shuka. Siku hiyo alijikaza, akazifunua, akazipangusa vumbi, akachomeka waya zake kwenye doki, kile kisanduku cheusi kinachokusanya waya zote na kuziingiza kwenye laptopu kupitia tundu moja. Skrini zikawaka kana kwamba hakuna aliyekufa.

Alivuta mausi kushoto, mshale ukaibuka. Akausukuma kulia, ukazama tena. Alipofungua mpangilio wa skrini aliona vimraba vinne kwenye mstari: laptopu, skrini mbili, na kingine kulia kabisa. Huko kulia hakukuwa na skrini. Kulikuwa na kiti cha kubembea cha mumewe, kitupu, kimegeukia ukuta.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa fundi wa kompyuta. Alikuja siku hiyo hiyo, akachomoa kila kitu, akachomeka upya, hata doki yenyewe akaibadilisha kwa nyingine aliyokuja nayo. Vimraba vikabaki vinne.

"Mashine nazo huzeeka akili, shemeji," alisema akijikuna kisogo. "Inakumbuka skrini ambayo haipo tena."

"Kaka yako alikuwa na skrini mbili tu."

"Basi inaota." Alitaka kucheka, akamwona usoni, akaacha. "Piga picha ya skrini, zote kwa mpigo. Itatoka picha moja ndefu. Kama huko kulia kuna kitu kimefunguka, utakiona."

Aliipiga kesho yake, mtoto wake akiwa usingizini chumba cha pili. Picha ilitoka ndefu kweli. Sehemu tatu alizijua. Ya nne ilikuwa na giza giza, akaikuza, akaikuza tena, mpaka akatambua meza, mapazia, kisha kiti. Kilikuwa chumba hiki hiki alichokaa. Na kitini alikaa mwanamume aliyempa mgongo, bega la kushoto limeinama kidogo, kama bega la mtu aliyebeba kamera nzito maisha yake yote.

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini chumba kilikuwa kimejaa harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Mke wangu," sauti ilisema kutoka kitini, taratibu. "Usiogope. Nimekaa sana bila kukuambia mambo."

Ilikuwa sauti ya mumewe, tena ile ya asubuhi, yenye mkwaruzo. Tofauti ilikuwa moja. Mumewe alikuwa na kigugumizi. Neno likimkwama, alikuwa akiacha kulisukuma, anacheka, anamfinya mkewe sikio, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mapenzi kwa miaka yote ya ndoa. Sauti hii ilitiririka kama bomba lililofunguliwa. Ilimwambia alivyompenda. Ilimwambia alivyojisikia siku ile hospitalini, alipotaka kuaga na ulimi ukamsaliti, mpaka pumzi ikakatika kabla ya neno kutoka.

Mhariri alijua hapo hapo kwamba huyu si mumewe. Alijua kama mtu anavyojua mkono wake mwenyewe. Na pamoja na kujua, alivuta kiti chake karibu, akasikiliza.

Ikawa ndiyo desturi. Kila alasiri alifunga mapazia, akawasha skrini, akakaa. Harusi ya watu ililala pale pale. Shemeji alipopiga simu kuuliza kuhusu ile picha, alimjibu kwamba mashine imepona.

Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Njiwa, alikuwa bado hajaanza shule. Kifo cha baba hakukijua. Mama yake alimwambia baba amesafiri, akijipa muda wa kupata maneno, na maneno hayakuja. Siku moja mhariri alitoka jikoni akamkuta mtoto amekaa sakafuni miguuni pa kile kiti, anatikisa kichwa kama anayepewa maagizo.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na baba. Amerudi safari." Njiwa alisema kwa kunong'ona, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine. "Anasema yeye hawezi kuja huku, kwa hiyo niende mimi."

Mhariri aliruka akashika waya wa doki ili auchomoe.

"Usinizike mara mbili," sauti ikasema.

Haikupandishwa, wala haikutisha. Ilisihi tu. Akauachia waya. Alimbeba mtoto akampeleka kitandani, akafunga mlango wa chumba cha kazi kwa ufunguo, akajiambia kwamba ufunguo unatosha.

Haukutosha. Mchana uliofuata alikwenda kumwamsha Njiwa ale, akamkuta amelala chali, macho wazi, mwili baridi kama vigae vya sakafu, pumzi inaingia na kutoka kwa mbali sana, na alipomwita hakugeuka, alipomtikisa hakulia, na huko nyuma ya mlango uliofungwa mhariri akasikia kicheko cha mtoto, kicheko cha mwanawe huyu huyu aliyekuwa mikononi mwake, kikifuatwa na mlio wa kiti kinachobembea polepole, kii, kii, na ile harufu ya udongo ikapita chini ya mlango na kumjaa kooni, mpaka akamlaza mtoto, akafungua mlango, akapiga picha ya skrini huku hataki kuitazama, akaitazama. Mwanamume alikuwa amegeuka. Mapajani pake alikaa mtoto mwenye gauni la njano, lile lile alilovaa Njiwa kitandani, amemkumbatia shingoni. Na pale palipotakiwa kuwa na uso, mwanamume yule alikuwa laini kama kiganja.

Alipopigiwa simu, shemeji alifika mbio na mwanamke wa makamo, mtabibu wa mambo ya majini, aliyevaa miwani ya kusomea na kubeba mfuko wa plastiki. Mtabibu alimgusa mtoto paji la uso, kisha akamkalisha mama yake ukingoni mwa kitanda.

"Anakuja kwa jina la nani?"

"La mume wangu."

"Ni yeye?"

Mhariri alimtazama shemeji yake, akainamisha kichwa. "Siye."

"Umejua lini?"

"Tangu neno la kwanza."

Shemeji aligeukia dirisha, akafuta macho kwa mkono wa shati. Mtabibu hakulaumu. "Mimi nitasoma, na atatikisika," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini anakaa kwa jina ulilomwachia alitumie. Lazima umvue jina hilo wewe mwenyewe, umkabili, useme kweli yenyewe. Usipunguze hata kidogo."

Waliingia chumba cha kazi. Shemeji alichomoa doki, laptopu akaizima, skrini zikawa nyeusi. Mtabibu alianza kusoma, midomo ikicheza, na kiti kikaanza kubembea bila mtu.

"Nani atakuambia ninayokuambia?" sauti ikauliza gizani. "Umesubiri ndoa nzima kuyasikia. Nami bado sijamaliza."

Mhariri alipiga magoti mbele ya kiti. Machozi yalimtoka lakini sauti haikumkatika.

"Mume wangu amekufa," alisema. "Nilimfumba macho kwa mkono huu. Hakuniambia kitu, kwa sababu hakuweza, na sitamsikia tena. Wewe si yeye. Mrudishe mwanangu, uende."

Kiti kilianguka kwa kishindo. Kitu kizito kilipita baina yao kuelekea dirishani, mapazia yakavimba, kioo kikapasuka kutoka juu hadi chini. Kisha harufu ikaisha, na kutoka chumba cha pili Njiwa akaanza kulia.

Alikuwa na joto. Alikuwa na njaa. Mtabibu alimpa maji, akamtazama kucha na macho, akasema yuko salama, akaondoka na shemeji. Mhariri alibaki na mwanawe.

"Baba yuko wapi?"

"Njiwa, baba alikufa. Hakusafiri. Nilikudanganya."

Mtoto alimtazama. "Alikuwepo. Alinibeba." Akajisogeza mbali naye. "Wewe ndiye umemwambia aende. Nimekusikia."

Mhariri alitaka kueleza kuhusu majini, akatazama ule uso mdogo, akaacha. Njiwa aligeukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani. Mguu mmoja tu ulibaki nje. Mama yake alikaa sakafuni, akaushika kwa mikono yote miwili. Mtoto hakuuvuta mguu, wala hakugeuka.