Aya ya Kumi

Jumatatu asubuhi mlango wa mahakama haupitiki. Mashahidi wanatafuta mawakili wao, mawakili wanatafuta mafaili yao, na kila mtu anamwuliza mwenzake choo kiko wapi. Siku hiyo mambo yalizidi, kwa sababu kigari cha mizigo cha kijivu kilichopauka kilikuwa kimeegeshwa pale pale kwenye ngazi, vioo viwili vya dirisha vimefungwa kamba ubavuni. Karani mmoja wa ofisi ya wakili, boksi la mafaili kifuani, hakuwa na pa kupita.

"Kaka, ondoa gari lako."

"Nikiondoa, dada, hakimu atasikiliza kesi huku upepo unampeperushia karatasi. Mimi ndiye fundi wa vioo."

Mvua ikaanguka bila kupiga hodi. Fundi akanyoosha mkono nyuma ya kiti na kusukuma mlango wa ubavuni. "Ingia."

"Siingii gari la mtu nisiyemjua."

"Basi mafaili yaingie. Wewe baki na mvua."

Na kweli, mafaili yaliingia. Karani alibaki nje, blauzi yake nyeupe iliyopigwa pasi ikimganda mabegani, amejiuma mdomo asicheke. Fundi alimtazama kidogo, akaona haya kukaa pakavu peke yake. Akaamua kushuka, ila kushuka kwenyewe kulikuwa kazi. Alizungusha kishikio cha dirisha mara nane mpaka kioo kikashuka chote, akatoa mkono nje, ndipo akafungua mlango. Akasimama kwenye mvua na ovaroli lake la buluu lenye viraka magotini.

"Gari limekufunga?" karani aliuliza, sasa akicheka waziwazi.

"Kitasa cha ndani kilikufa zamani. Huyu anaitwa Kobe. Hapendi niondoke haraka."

Walianzia hapo, wawili wameloa na mafaili makavu.

Fundi alikuwa akiishi chumba kimoja na kaka yake na mke wa kaka yake, pazia katikati. Karani aliishi kwa shangazi yake, mwanamke aliyeweza kukutajia viatu vya kila mgeni aliyepita mlangoni tangu mwaka juzi. Kwa hiyo Kobe ndiye alikuwa sebule yao. Kila siku saa saba mchana simu ya karani ililia.

"Mheshimiwa, niko chini."

"Nina aya mbili nimalize."

"Malizia moja. Chai inapoa na mimi pia."

Alishuka mbio, viatu vya kisigino mkononi. Nyuma ya Kobe kulikuwa na godoro la sponji la kulazia vioo, kreti ya kukalia, chupa ya chai, na harufu ya gundi ya madirisha iliyoingia mpaka kwenye nywele. Shangazi aliinusa harufu hiyo wiki ya kwanza tu. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na haya yalikuwa yakikohoa ndani ya gari lenye bomba la moshi lililotoboka.

Kazi ya karani ilikuwa kuandika maelezo ya mashahidi. Mzee wakili, mwajiri wake, alimfundisha sheria moja tangu siku ya kwanza: tendo moja, aya moja, na kila aya na namba yake. "Ukitia matendo mawili kwenye aya moja, mwanangu, kuna kitu umekificha," alizoea kusema. Miaka sita karani aliandika hivyo, hata orodha ya sokoni aliipa namba. Fundi alimcheka sana kwa hilo.

"Mtu akininyang'anya kikombe changu cha chai," alimwuliza siku moja, "sheria inaniruhusu nimfinye?"

"Ukiwa unajihami, ndiyo. Kwa kiasi."

"Kiasi gani?"

"Mpaka aachie. Akishaachia, hatari imekwisha. Ukimfinya tena, hatari ni wewe."

"Na kama bado nina hasira?"

"Hasira haimo kwenye kifungu, mpenzi."

Fundi akamfinya shavu. "Hili nimelifinya kwa kiasi?" Karani akampokonya kikombe, akanywa chai yote. Walikuwa na furaha, na hawakujua kwamba wanafanya mazoezi ya kesi yao.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri, mvua kubwa. Walikuwa wameegesha nyuma ya ghala la mbao wakingoja ipungue, fundi kwenye usukani, karani kando yake. Mlango wa ubavuni ukasukumwa ghafla. Kijana mmoja mwembamba, shati limemganda mbavuni, akaingia nusu mwili na kumwekea karani kisu shingoni.

"Simu. Zote mbili."

 Fundi alichomoa nyundo chini ya kiti, akageuka, akampiga kijana begani. Kisu kilianguka juu ya godoro. Kijana akarudi nyuma mpaka kwenye mvua, mkono mmoja umening'inia, mwingine ameuinua juu. Hakukimbia, maana nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Mlango wa fundi haukufunguka kwa ndani. Alizungusha kishikio. Mara moja, mara mbili, mpaka nane. Akatoa mkono nje, akafungua, akashuka, akazunguka gari lote na nyundo yake. Akampiga kijana kichwani.

Polisi walichukua maelezo jioni ile ile. Askari wa zamu aliandika polepole, akifuta na kurudia. Karani alikuwa bado na hofu, na mtu akiwa na hofu mikono hushika inachokijua. Akaiomba kalamu. Akaandika mwenyewe, kwa namba. Aya ya sita, alimpiga begani. Aya ya saba, kisu kikaanguka. Aya ya nane, akashusha kioo, akatoa mkono nje, akafungua mlango, akazunguka gari. Aya ya tisa, akampiga kichwani. Shahidi mwingine yeyote angesema "alimpiga yule mwizi", na mambo yangeishia hapo. Alipoyasoma tena, sahihi ilikuwa imeshakauka.

Fundi alipata dhamana. Siku ya tatu alipiga simu.

"Wakili wangu ameyasoma maelezo yako. Anasema yeye mwenyewe asingeweza kunifunga vizuri hivyo."

"Niliandika kilichotokea."

"Uliandika mpaka nilivyoshusha dirisha! Hata dirisha, mpenzi?"

"Nilikuwa naogopa. Ndivyo ninavyojua kuandika."

"Basi mahakamani sema tu nilimpiga. Si uongo. Nilimpiga kweli."

Karani alihamishia simu sikio la pili.

"Alikuwekea kisu wewe," fundi akasema. "Si mimi. Wewe."

"Najua, laazizi."

"Usiniite hivyo." Simu ikakatika.

Alikwenda kwa mzee wakili akiwa na macho mekundu. Mzee alivua miwani na kuipangusa muda mrefu. "Sheria ya kujihami inampenda mtu aliye na hofu," alisema. "Inamsamehe mambo mengi. Swali lake ni moja tu: je, alipata nafasi ya kufikiri? Na wewe umeandika kwamba dirisha lilishuka kwa mkono." Karani alikumbuka ni mara ngapi alimwambia fundi akitengeneze kitasa kile.

Kizimbani alisimama na gauni la kijivu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alisoma aya zake kama alivyoziandika. Fundi, shati jeupe la kuazima kwa kaka yake, alitazama sakafu tangu aya ya kwanza mpaka ya tisa. Kijana mwenyewe alikuwepo, amemwegemea mama yake. Aliongea kwa shida, na siku ile ya mvua hakuikumbuka hata kidogo. Hakimu alisema pigo la kwanza lilikuwa haki ya kila mtu, na la pili halikuwa la kujihami. Miaka mitatu.

Nje, kwenye ngazi zile zile, mama wa kijana alimshika karani mikono yote miwili. "Ahsante, mwanangu. Umesema kweli yote."

Karani alijinasua, akaenda kutapika nyuma ya ukuta.

Nyumbani shangazi alimwekea maji ya kuoga, akakaa kitandani akimsubiri. "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu," alisema. "Hawakutuambia ni mpenzi wa nani mwingine." Halafu akamkumbatia, naye akalia kuliko mwenye msiba.

Kaka yake fundi hakuwa na mahali pa kuweka gari. Alileta ufunguo, akauacha juu ya meza bila kukaa. "Gari likikaa hufa, shemeji. Liendeshe." Kumbe bado ni shemeji. Neno hilo moja lilimfikisha mwisho wa wiki.

Akajifunza kuishi na Kobe. Alijua sasa kwamba asubuhi ya baridi anataka kubembelezwa mara tatu kabla ya kuwaka, kwamba giya ya pili huingia kwa kusihiwa, kwamba mvua hupenya juu ya kioo cha nyuma na kudondokea mahali pale pale pa godoro. Baada ya kazi aliwabebea watu makabati na magunia ya simenti. Kila aliposhuka alizungusha kishikio mara nane, na kila mara alihesabu. Ukihesabu taratibu, ni muda wa kutosha kumsamehe mtu. Hilo lilimwuma kila kituo.

Gerezani alikwenda mara nne. Mara nne askari alirudi na jibu moja: "Amesema hana mgeni." Karani aliacha sabuni na dawa ya meno, akageuza gari. Rufaa ilikuwa imekatwa, na ofisini watu walisema itashinda. Wakili wa fundi alikuwa na hoja nzuri, kwamba mtu aliyeona kisu shingoni mwa mpenzi wake hapimi pigo kwa mizani, na hakuna popote palipoonyesha kwamba yule kijana alikuwa amesalimu amri. Mzee wakili aliombwa aisome, nayo ikapitia mikononi mwa karani kama habari za watu wengine. Alishindwa kula mchana ule.

Wiki mbili kabla ya rufaa kusikilizwa, simu ililia kwa namba asiyoijua.

"Mheshimiwa," sauti ikasema, chini sana. "Njoo Jumamosi."

Alivaa gauni la kijani ambalo fundi alizoea kusema linamfanya aonekane ana likizo. Chumba cha wageni kilikuwa na benchi, wavu wa chuma, na saa ya ukutani isiyotembea. Fundi alitokea amekonda, kichwa kimenyolewa, sare imempwaya mabegani. 

"Umekonda," karani akasema.

"Wewe umenenepa. Muongo nani?"

Wakacheka kidogo, wakaacha.

"Kobe hajambo?"

"Anavuja. Giya ya pili amegoma wiki nzima."

"Mwambie pole pole. Kitasa umetengeneza?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Karani alinyoosha pindo la gauni. Fundi alishika wavu kwa vidole viwili.

"Siku ile mahakamani," alisema, "unadhani nilikuwa natazama sakafu kwa hasira?"

"Nilidhani unanichukia."

"Nilikuwa nahesabu aya zako. Ya nane ilipokwisha, nikajiandaa. Kisha ukasoma pigo la kichwani, ukaliita aya ya tisa, ukakunja karatasi." Akausogelea wavu. "Zilitakiwa ziwe kumi."

Karani aliinamisha uso.

"Nilipozunguka gari, yule kijana alisema kitu. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Alisemaje?"

"Usinifanye niseme."

"Alisemaje, mpenzi?"

"Alisema, 'Basi, kaka. Nimeachia.'"

Machozi yalimdondoka kwenye gauni la kijani. Alieleza kwa kukatakata kwamba kalamu ilifika hapo, ikasimama, ikaruka. Miaka sita hakuwahi kuruka aya ya mtu. Ile moja aliiruka kwa ajili yake, na mama wa yule kijana alimshukuru kwa kusema kweli yote.

"Nami nikakufukuza mara nne," fundi akasema. "Nilikuwa najua umenifichia neno lile, nikajidai umenichongea. Kukukasirikia kulikuwa rahisi kuliko kukutazama."

"Rufaa itashinda," karani akanong'ona. "Wote wanasema. Utarudi nyumbani."

"Nimemwandikia wakili aifute."

"Umefanya nini?"

"Itashinda kwa sababu ya aya ile isiyokuwepo. Nikitoka kwa mlango huo tutakuwa watatu ndani ya Kobe, mimi, wewe na yule kijana ameinua mkono. Kila ukisukuma mlango wa ubavuni utamsikia. Mimi ninamsikia huku huku."

"Basi nitakwenda kwa hakimu niseme. Yaishe."

"Ukisema, watakufunga wewe kwa kiapo cha uongo. Nani ataendesha gari?" Alijaribu kutabasamu. "Acha nilipie mimi. Pigo lilikuwa langu. Nilipofika mara ya nane ya kuzungusha, hasira ilikuwa imeshapoa. Nilimpiga nikiwa mzima wa akili, na hilo hakuna alijuaye ila mimi. Sasa na wewe."

Karani alilia bila kujificha, na askari aliyekuwa mlangoni akageukia ukuta.

"Imebaki miezi ishirini na minane," fundi akasema. "Sikuombi unisubiri. Ukimpata mwenye gari linalofunguka milango yote, panda."

"Nyamaza."

"Nasema kweli."

"Na mimi nakuambia nyamaza. Nimeshazoea gari lisiloenda haraka." Aliingiza vidole kwenye wavu mpaka vikagusa vyake. "Ukitoka, utanioa?"

"Wewe ndiye unaniposa? Shangazi anajua?"

"Nijibu."

Fundi aliinamisha kichwa kilichonyolewa mpaka kikagusa chuma. Alijibu kwa sauti ambayo askari hakuisikia. Muda ukawa umekwisha.

Mvua ilimkuta njiani kurudi. Aliegesha mbele ya nyumba ya shangazi, akazima injini, akakaa akisikiliza maji yakidondokea godoro. Kitasa kipya kilikuwa kwenye droo ya gari tangu mwezi uliopita, bado ndani ya boksi lake. Hakukigusa. Alishika kishikio cha dirisha, akazungusha, akihesabu kwa sauti mpaka nane. Mvua ikamwingilia kwenye gauni. Akatoa mkono nje, akafungua mlango, akashuka.