Mawe ya Katikati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jepkoech na mama yake walikama ng'ombe, kila mmoja na ndoo yake. Na kila asubuhi, mwezi ule wa kiangazi, walisikia maneno yale yale kutoka upande wa pili wa boma. Baba yake, Kipkemei, alikuwa akizunguka trekta kuukuu alilorithi kwa babu, akilipapasa kama mtu anayempapasa ndama mgonjwa.

"Linah," alisema Baba, "mtu mwenye trekta bila plau ni kama mtu mwenye mdomo bila meno."

"Na mwenye meno lakini hana chakula?" Mama alijibu bila kugeuka. "Unataka tuuze ng'ombe hawa tununue chuma? Halafu watoto wanywe chai ya rangi?"

"Kuna plau nzuri Gilgil. Mwenyewe anaacha kilimo."

"Na kuna plau ya Mama Nakhumicha hapa Rongai. Ikodi. Lima msimu mmoja. Ukiona inakufaa, na shamba limejibu, tutazungumza juu ya kununua."

Jepkoech aliinamisha kichwa, akaendelea kukama. Hakupenda kusikia plau ikitajwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa na siri ambayo hakuwa amemwambia hata ng'ombe.

Siri yenyewe ilikuwa shamba la chini. Lilikuwa malisho tangu enzi za babu. Sasa Baba alitaka kulipanda mahindi, kwa sababu shamba la juu lilikuwa limechoka na mazao yake yalikuwa yakipungua kila mwaka. Lakini shamba la chini lilijaa mawe meusi, yale mawe magumu ya Bonde la Ufa, mengine makubwa kama ngumi, mengine kama kichwa cha fahali. Likizo ya Desemba ilipoanza, Baba alimkabidhi Jepkoech karai na kumwambia, "Yaokote yote. Likikushinda jiwe, liwekee kijiti, nitakuja kuling'oa. Hiyo ndiyo kazi yako ya likizo."

Jepkoech alianza vizuri. Alisafisha pembe zote, hasa ule upande unaoonekana kutoka nyumbani. Lakini katikati palikuwa na sangari, nyasi zile ngumu zenye mizizi kama kamba, na mawe yalikuwa yamejificha chini yake. Jua lilikuwa kali. Dalmas, mtoto wa jirani, alikuwa akimngoja kwenye uwanja wa mpira.

"Kwani baba yako atapiga magoti ahesabu?" Dalmas alimwambia. "Rundo likiwa kubwa, kazi imeisha."

Rundo halikuwa kubwa. Ndipo Dalmas alipoona kichuguu kando ya ua. Waliyapanga mawe juu ya kichuguu na kukizungushia pande zote mpaka udongo haukuonekana tena. Ukisimama mbali, ungedhani mawe yale yametoka katika mashamba mawili. Jioni hiyo Baba alilitazama rundo akiwa nyumbani, akapiga mluzi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyefika alionyeshwa rundo lile. "Kazi ya huyu msichana wangu hiyo," Baba alisema. "Shamba limechambuliwa kama mchele." Wageni walimpa Jepkoech mkono. Sifa zile zilikuwa mbaya kuliko fimbo. Fimbo humaliza kazi yake ikaondoka. Sifa zilibaki, na kila siku zilimfunga mdomo zaidi.

Basi Mama alishinda ule mjadala wa kununua na kukodi. Ijumaa jioni Mama Nakhumicha alifika kuzungumza. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, ambaye hakuwa na trekta bali alikuwa na plau, haro ya kuvunjia mabonge ya udongo, na trela alizoachiwa na mume wake, na kazi yake ilikuwa kuzikodisha. Kila mtu pale Rongai alijua desturi yake. Kabla plau yake haijaingia katika shamba la mtu, yeye mwenyewe alitembea humo na mtaimbo, akidunga ardhi hatua kwa hatua akitafuta mawe. Jioni hiyo pia alikuwa ameubeba begani.

"Twende nilione shamba, Baba Jepkoech," alisema.

"Mama, giza linaingia na miguu yako inauma. Shamba halina jiwe hata moja. Tazama lile rundo pale. Mtoto alichambua likizo nzima."

Mama Nakhumicha alilitazama rundo. Kisha akamtazama Jepkoech, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Kazi ya mikono hii midogo? Haya. Kama mtoto amesema, neno lake linatosha." Akauegemeza mtaimbo ukutani, akaketi. "Lakini unajua sheria yangu. Ukikodi ukavunja kwa uzembe, utatengeneza mwenyewe. Mawe ni uzembe."

"Najua, Mama."

Jepkoech alimimina chai nje ya kikombe.

Mgeni alipoondoka Jepkoech alijikaza. "Baba, lile shamba la chini..."

"Nilikuwa karibu kukwambia," Baba alimkatiza, uso ukiwa umechangamka. "Mstari wa kwanza wa mahindi ni wako. Utauvuna mwenyewe, utauza mwenyewe. Umeustahili."

Jepkoech alikusanya vikombe. Akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi trekta liliingia shambani likiburuta vumbi. Plau ya diski tatu iliteremshwa, ikauma ardhi, na udongo mwekundu ukapinduka vizuri kama mkate unaokatwa. Baba alilima pembeni kwanza, akizunguka, na kila mzunguko ulimsogeza ndani kidogo. Jepkoech alisimama uani akiitazama nafasi ya katikati ikipungua. Alijua mahali lilipokuwa jiwe kubwa kuliko yote. Aliwahi kulikalia akila sima baridi.

Hakuweza kuvumilia tena. Alikimbia kuteremka, akiruka matuta, akipunga mikono yote miwili. "Baba! Baba, simama! Kuna mawe!"

Trekta lilikuwa likinguruma na kutoa moshi. Baba alimwona. Akadhani mtoto anashangilia, akavua kofia yake, akaipunga, akacheka. Kisha akageuka, akaingia katika sangari.

Mlio ulifika kwanza. Pua ya trekta iliinuka kidogo, ikashuka kwa kishindo, na plau ikajikokota hatua chache ikiwa imelala upande mmoja. Baba alizima injini.

Jepkoech alisimama pale pale. Maneno yake yalikuwa yamechelewa, na hakukuwa na mkono wa kuyarudisha magurudumu nyuma.

Diski ya mwisho ilikuwa imepasuka, na mkono wa chuma ulioishikilia ulikuwa umekatika. Baba aliinama, akachunguza, kisha akasimama amekasirika. Pale palipokatika paliwahi kuchomelewa zamani. Jiwe lenyewe lilikuwa limefunikwa na udongo na sangari iliyopinduka, naye hakulitafuta. Mtu hatafuti kitu anachoamini hakipo.

Mama Nakhumicha alipoitwa, majirani nao walifika, maana habari ya chuma kuvunjika haihitaji simu.

"Umenikodisha plau mgonjwa!" Baba alimwambia. "Tazama hapa. Ilikuwa imevunjika kitambo, ukaipaka rangi."

"Kila plau iliyofanya kazi ina kovu," alijibu Mama Nakhumicha. "Hilo kovu limelima mashamba ya watu miaka na miaka. Imegonga jiwe hii."

"Jiwe gani?"

"Leta mtaimbo wangu nikuonyeshe."

"Hutadunga shamba langu kana kwamba mimi ni mwongo!" Baba aligeukia majirani. "Ndiyo maana nilitaka kununua yangu. Ukikodi vya watu unauziwa ubovu wao. Mwanamke mzima, mjane, anakula jasho la majirani!"

"Ai, Kipkemei," Mama alimnong'oneza, "punguza maneno."

"Sipunguzi. Jepkoech! Njoo hapa, simama mbele ya watu. Uliokota mawe yote au hukuokota?"

Macho yote yalimgeukia. Dalmas alikuwa nyuma ya watu. Alitikisa kichwa taratibu, kumwashiria asiseme. Mama Nakhumicha alikuwa ameshika ile diski iliyopasuka kwa mikono miwili, akiitazama kama mtu anayeshika sahani ya mwisho nyumbani. Mama huyu mwenye sauti nzito alikuwa karibu kulia, na sababu yake ilikuwa yeye, Jepkoech.

"Sikuokota," alisema.

"Sema kwa sauti. Watu hawakusikii."

"Sikuokota, Baba. Niliokota pembeni tu. Katikati niliacha. Lile rundo ni kichuguu."

Hakuna aliyecheka. Baba alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akatembea polepole hadi kwenye rundo, akalisukuma jiwe moja kwa kiatu. Likabingirika. Akasukuma la pili, na udongo wa kichuguu ukaonekana, mchwa wakakimbia huku na huku. Alisimama pale amewapa watu mgongo kwa muda mrefu. Jepkoech alitamani apigwe. Hakupigwa.

Baba aliporudi, sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu. "Mama, nimekutukana mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu hawa hawa."

"Ulinitukana vizuri kweli," alisema Mama Nakhumicha. "Kula jasho la majirani, ati."

"Nitatengeneza plau. Lakini sijui nianzie wapi. Na mvua ile inakuja." Alionyesha kwa kidevu upande wa Kuresoi, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya milima.

Hilo ndilo lililowaumiza wote. Plau imevunjika, trekta limesimama, na mvua haingoji mtu. Majirani waliondoka mmoja mmoja, wakimpita Jepkoech bila kumpa mkono.

Mama Nakhumicha aliketi juu ya gurudumu la plau, akafikiri. Mwishowe akasema, "Mimi nina vyuma lakini sina trekta. Wewe una trekta lakini huna vyuma. Fundi wa kuchomelea atashughulikia huu mkono, na diski kuukuu ninayo moja nyumbani. Wewe utanifungia haro na trela, unifanyie kazi kwa wateja wangu mpaka niseme imetosha. Shamba lako litakuwa la mwisho. Uchungu huo utaumeza."

"Nitaumeza," alisema Baba.

Na aliumeza kweli. Mvua ilianza wakati Baba akiwa bado katika mashamba ya watu. Kila siku trekta lao lilipita mbele ya nyumba kwenda kuwalimia wengine, na sehemu ya katikati ya shamba la chini ikabaki na sangari yake. Kila alasiri baada ya shule, Jepkoech alikuwa pale na karai na jembe, akilowa, viganja vimechubuka. Siku ya pili Dalmas alifika bila kuitwa, akiwa na karai la kwao. "Usiniangalie hivyo," alisema. "Wazo la kichuguu lilikuwa langu."

Shamba lao lililimwa majirani walipokuwa wakipalilia. Mahindi yalikuwa yamepitwa na wakati, kwa hiyo walipanda maharagwe.

Siku ya kulima, Mama Nakhumicha alifika mapema na mtaimbo wake, lakini hakuutumia. Alimpa Jepkoech.

"Tembea mbele yangu. Dunga. Ukigonga jiwe, sema."

Jepkoech alitembea. Mtaimbo ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Ulizama, ukazama tena, kisha ukalia chini ya sangari.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini.

"Baba yako amesikia, pale kwenye trekta?"

"Hapa, Baba!" Jepkoech alipaza sauti. "Hapa kuna jiwe!"

Baba alizima injini, akashuka, akaja na jembe. Waliling'oa wote watatu, wakalitupa kando. Baba alijifuta jasho, akamuuliza Mama Nakhumicha, "Sasa, Mama, wewe unayejua vyuma, ninunue yangu au niendelee kukodi?"

"Kodi plau yangu mpaka shamba hili lizoee kulimwa, halafu ununue. Lakini sikia nikwambie, na wewe msichana sikia pia. Ungekuwa umeinunua ile ya Gilgil, ungekuwa umevunja yako, na ungelia peke yako. Plau ya kununua huvunjika, ya kukodi huvunjika. Hakuna hata moja inayopita juu ya uongo." Alimgeukia Jepkoech. "Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Aibu yake ni ya jioni moja. Ukiificha, itakaa ardhini ikimngoja mtu mwingine, na huyo mtu mara nyingi ni yule anayekupenda."

Jepkoech aliitikia kwa kichwa. Kisha akauinua mtaimbo kwa mikono miwili na kusogea hatua moja mbele.